Chekeche Kabla ya Kito

Historia za vito kwa kawaida huandikwa kwa kulifuata jiwe. Huanzia mgodini, hupita mikononi mwa dalali, na humalizikia kwenye taji la mfalme au kidole cha bibi harusi. Unga uliolisugua jiwe hilo hadi likaweza kuangaza hautajwi, au hutajwa kwa sentensi moja tu. Naona hilo ni kosa la msingi, kwa sababu linatuficha jambo lililoamua, kwa karne nyingi, ni mji upi utang'arisha vito na ni upi utaishia kuuza mawe ghafi. Jambo hilo halikuwa kumiliki jiwe. Halikuwa hata kumiliki mgodi unaotoa unga wa kulisugulia. Lilikuwa uwezo wa kuchambua chenga: kuzipata zilizo ngumu vya kutosha, kuzitenga kwa ukubwa, na kuzitumia kwa mpangilio usioruka hatua. Anayechagua leo diski ya msasa ya namba 600 au 1200 anatumia matunda ya kazi hiyo bila kuona jasho lake, na pwani ya Afrika Mashariki imo katika historia yake tangu zamani sana.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, mwanazuoni Al-Biruni aliandika kitabu juu ya vito na madini. Humo anaeleza kwamba bilauri, yaani kwatzi angavu isiyo na doa, ilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, yaani vya Afrika Mashariki, na visiwa vya Dibajat, yaani Maldivi na Lakadivi, na kwamba Basra ndiko mafundi walikoigeuza kuwa vyombo. Karibu na wakati huohuo msafiri wa Kiajemi Nasir-i Khusraw aliwaona mafundi wa bilauri wakiwa kazini sokoni Cairo. Jagi moja la aina hiyo, lenye jina la khalifa wa Kifatimi Al-Aziz aliyetawala kuanzia mwaka 975 hadi 996, limehifadhiwa mpaka leo katika hazina ya kanisa la San Marco mjini Venice. Huku kwetu, wanaakiolojia wamechimbua Dembeni, katika kisiwa cha Mayotte, vipande vingi vya bilauri iliyotoka Madagaska, vilivyovunjwa na kuchaguliwa tayari kwa safari. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ya magharibi walilijua jiwe, walijua lipi lina ufa na lipi halina, na walijua linakotakiwa. Hata hivyo jagi lilichongwa kwingine.

Mtu asiseme kwamba watu wa pwani hawakuwa na mikono ya ufundi. Katika magofu ya mji wa Shanga na ya miji mingine ya kale vimepatikana vigae vyenye mifuo, ambavyo vilitumika kusugulia shanga za kome. Maseremala walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, na matumbawe yalichongwa kwa ustadi unaoonekana hadi leo katika mihirabu ya misikiti. Lakini kome na matumbawe ni laini. Katika kipimo cha ugumu alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho kinaanzia 1 na kuishia 10 kwenye almasi, vitu hivyo vipo karibu na 3 au 4. Mchanga wa kawaida wa ufukweni, ambao kwa sehemu kubwa ni chenga za kwatzi, una ugumu wa 7, kwa hiyo unavisaga bila shida. Bilauri nayo ni kwatzi, yenye 7 ileile. Kuisugua kwa mchanga wa ufukweni ni kupambanisha vitu vilivyo sawa: jiwe linaisha na mchanga unaisha, na kazi husogea polepole mno. Palihitajika kitu kigumu zaidi, na tena kitu kilichopangwa.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Kito hakikatwi na chuma, wala shaba, wala ngozi. Hivyo ni vibebeo tu. Kinachokata ni chenga zilizoshikwa na kibebeo hicho, na kila chenga hufanya mambo mawili kwa pamoja: huacha mchubuko unaoonekana juu, na huacha chini ya mchubuko huo nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Chenga ikiwa kubwa, nyufa huzama zaidi. Kwa hiyo kazi ya unga wa hatua ya pili si kulainisha tu. Ni kuondoa tabaka lote lililoharibiwa na unga wa kwanza. Wa tatu huondoa uharibifu wa wa pili, na kuendelea, mpaka uharibifu uwe mdogo kiasi kwamba mwanga haukutani nao. Mpangilio huu unavunjwa na makosa mawili. La kwanza ni kuruka, yaani kutoka chenga kubwa hadi ndogo mno, ambapo unga mdogo unang'arisha kingo za mabonde bila kufika chini yake. La pili ni kuchanganya. Kokoto moja inatosha kuharibu sahani nzima ya wali, na chenga moja kubwa iliyopotea ndani ya unga laini inatosha kurudisha nyuma kazi ya siku nzima. Ugumu wa chenga hufungua mlango wa kazi, lakini usawa wa chenga ndio unaoimaliza.

Warumi walilifahamu hili. Plinio Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, anasema kwamba mchanga bora wa kupasulia marumaru ulitoka Ethiopia, na anaongeza maelezo ambayo fundi yeyote wa leo angeyakubali: mchanga wenye chenga kubwa hupasua kwa upana, hula jiwe zaidi, na humwachia anayeng'arisha kazi kubwa zaidi. Anawalaumu pia mafundi waliotumia mchanga wowote ilimradi kazi ionekane inaenda. Kwa kung'arishia vito na marumaru analitaja jiwe lililoitwa la Naxos, linalodhaniwa kuwa emeri ya kisiwa cha Naxos, mwamba mweusi wenye korundumu yenye ugumu wa 9 iliyochanganyika na madini ya chuma. Naxos iliendelea kuchimba emeri hiyo hadi karne ya 20. Lakini kisiwa hicho hakikuwa mji wa vito. Watu wa vijiji vyake vya milimani waliubeba mwamba hadi pwani, na waliotajirika kwa ufundi wa kuutumia walikuwa mbali na hapo.

Mpangilio wa hatua unapatikana wazi katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 12, katika kitabu cha mtawa aliyejiita Theophilus. Anapoeleza jinsi ya kung'arisha bilauri, anamwelekeza fundi aanze kwenye jiwe la mchanga, ahamie kwenye jiwe jingine laini zaidi, kisha atumie bamba la risasi lililopakwa vumbi la kigae lililoloweshwa kwa mate, na mwishowe ngozi iliyowambwa juu ya ubao. Hatua nne, vibebeo vitatu tofauti, na kila kimoja laini kuliko kilichotangulia. Hakuna namba hata moja, lakini mantiki ni ileile inayoandikwa leo nyuma ya diski.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, unatoka Gujarat, nao unatuhusu moja kwa moja. Mafundi wa Bonde la Indus walichonga shanga ndefu za akiki kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo, na baadhi yake zimepatikana katika makaburi ya wafalme wa Ur, huko Iraki ya leo. Majaribio ya wanaakiolojia waliotumia keekee zenye ncha ya jiwe gumu la aina iliyotumiwa na mafundi hao yameonyesha kwamba tundu lilisonga kwa takriban milimita 2.5 kwa saa. Shanga yenye urefu wa sentimita 10 ilidai saa 40 za kutoboa tu, kabla ya kuisugua. Baadaye mafundi wa Gujarat walipata keekee yenye ncha za almasi, na mji wa Khambhat ukawa karakana ya akiki ya Bahari ya Hindi nzima. Kung'arisha kulifanywa kwa njia ambayo maelezo ya karne ya 19 yanaisimulia vizuri: shanga zilitiwa katika mfuko wa ngozi pamoja na unga wa emeri na vumbi la akiki yenyewe, kisha watu wawili wakauvingirisha mfuko huo huku na huku kwa siku nyingi. Vumbi lililobaki kutokana na kuchonga halikutupwa. Lilikuwa unga laini, na fundi aliuhifadhi kwa ajili ya hatua ya mwisho.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza jinsi nguo na shanga za Khambhat zilivyofika Sofala kwa kupitia Kilwa, Mombasa na Malindi. Shanga za akiki zimechimbuliwa Kilwa na kwingineko pwani, katika matabaka ya karne nyingi kabla ya Wareno. Huko Ratanpur, kwenye machimbo ya akiki, kuna kaburi la Bava Gor, walii mwenye asili ya Afrika, anayeheshimiwa na Masidi, yaani watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika, kama mlezi wa kazi hiyo ya mawe. Maana yake ni kwamba Waafrika hawakuwa wanunuzi tu katika historia hii. Sasa tazama jambo linalopaswa kutusimamisha. Akiki ni kwatzi, na bilauri ni kwatzi. Bahari yetu ilipeleka kwatzi ghafi kaskazini na ikapokea kwatzi iliyong'arishwa kutoka mashariki. Madini yaleyale, ugumu uleule wa 7. Kilichowatofautisha muuzaji na mchongaji hakikuwa ardhi yao. Khambhat ilikuwa na emeri, ilikuwa na vipande vya almasi, na juu ya yote ilikuwa na desturi ya vizazi vingi ya kutunza kila unga mahali pake.

Mtu anaweza kupinga hivi: mafundi hao wa kale hawakuwa na chekeche za kiwandani, wala namba, wala vipimo, na bado walifanya kazi ambayo leo inatushangaza. Je, si uthibitisho kwamba jicho na subira ndivyo vilivyohitajika, na kwamba kuchambua chenga ni jambo la pembeni? Pingamizi hili lina uzito, lakini linalichukua kama neema jambo ambalo lilikuwa gharama. Subira ya fundi wa kale ndiyo iliyofanya kazi ya chekeche. Unga usiochambuliwa vizuri unaweza kutoa uso laini endapo utasagwa muda mrefu kiasi kwamba chenga kubwa zinavunjika zenyewe na kuwa ndogo. Siku nyingi za mfuko wa ngozi ni bei iliyolipwa kwa sababu ya unga usio sawa. Ndiyo maana vyombo vya bilauri vilikuwa vya makhalifa, na ndiyo maana kazi yenyewe ingeweza kukaa tu mahali penye watu waliolishwa mwaka mzima bila kwenda shamba.

Mageuzi makubwa hayakuanzia kwa watu wa vito bali kwa wasaga lenzi. Wao walihitaji uso usio na mchubuko wowote, wakapata njia rahisi kwa kutumia maji. Emeri iliyosagwa ilikorogwa ndani ya chombo cha maji kisha ikaachwa itulie. Chenga kubwa huzama mara moja. Ndogo hubaki zikielea. Baada ya dakika moja maji yalimiminwa kwenye chombo kingine pamoja na kilichokuwa bado kinaelea, yakaachwa dakika 10, yakamiminwa tena, na hivyo kuendelea hadi saa nzima au zaidi. Katika karakana za darubini za karne ya 19 unga uliitwa kwa dakika zake: emeri ya dakika 10, emeri ya dakika 60. Mwaka 1851 mwanafizikia George Stokes alitoa kanuni inayoonyesha kihesabu kwa nini njia hii ni sahihi: chenga yenye nusu ya kipenyo huzama kwa robo ya mwendo, kwa hiyo tofauti ndogo ya ukubwa huleta tofauti kubwa ya muda. Kwa chenga kubwa zaidi zilitumika chekeche za waya, na namba zilizoenea hadi leo zilianza kama idadi ya matundu katika inchi moja ya chekeche. Namba kubwa, tundu dogo, chenga ndogo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa mara ya kwanza ubora wa unga uliweza kusafiri bila fundi wake. Mtu wa mji mwingine aliweza kuagiza unga uleule na kupata matokeo yaleyale.

Kabla matokeo ya hilo hayajaenea, Ujerumani ilitoa mfano wa kituo kilichojengwa juu ya uchambuzi uliofanywa na asili yenyewe. Mji wa Idar-Oberstein ulikuwa na akiki vilimani mwake, lakini ulikuwa pia na kijito cha kuzungusha magurudumu, na katika eneo lile kulipatikana jiwe jekundu la mchanga. Jiwe la namna hiyo ni mchanga uliokwisha kuchambuliwa na maji ya zama za kale na kugandishwa pamoja, chenga zake zikiwa karibu sawa. Magurudumu yake, yenye kipenyo cha zaidi ya mita moja, yalizungushwa na maji huku wasagaji wakilalia matumbo juu ya viti maalumu na kulisukuma jiwe kwa nguvu ya mwili mzima. Kung'arisha kulifanywa kwenye magogo ya mbao kwa unga laini wa tripoli. Akiki za mji huo zilipopungua katika karne ya 19, wahamiaji wake waliokwenda Brazili walizikuta nyingine nyingi huko Rio Grande do Sul katika miaka ya 1820 na 1830. Hawakuhamishia karakana Brazili. Mawe ndiyo yaliyovuka Atlantiki kuja kwenye magurudumu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa hoja hii: mgodi uliisha, jiwe likawa la nchi nyingine iliyo mbali kwa majuma ya safari, na bado ufundi haukuondoka mahali penye vifaa vya kusagia. Tusisahau nao waliolipa gharama. Vumbi la jiwe la mchanga liliingia mapafuni mwa wasagaji hao, na wengi walifariki wakiwa bado vijana.

Mwaka 1891, huko Monongahela katika jimbo la Pennsylvania, Edward Goodrich Acheson alipitisha umeme katika mchanganyiko wa udongo na makaa akapata fuwele ndogo zinazometa. Alidhani ameunganisha kaboni na korundumu, akaziita kaborundumu. Kumbe zilikuwa silikoni kabidi, ngumu kuliko emeri. Wateja wake wa kwanza walikuwa wang'arisha vito wa New York, walionunua kwa senti 40 kwa karati moja, bei ambayo leo ingeonekana ya ajabu kwa unga wa kusugulia. Mwaka 1895 kiwanda chake kilihamia Niagara Falls kufuata umeme wa bei nafuu, na bei ikaporomoka. Ukichungulia hapo utaona kwa nini unga huu ulishinda: haukuwa mgumu tu, ulitengenezwa kwa wingi katika tanuri moja kwa hali moja, kwa hiyo uliweza kusagwa na kuchekechwa kwa usawa ambao mwamba wa Naxos haukuweza kuutoa. Mwaka 1902 watu watano walianzisha kampuni ya 3M kule Minnesota kwa lengo la kuchimba korundumu. Mwamba wao ukathibitika kuwa wa aina nyingine kabisa, usiofaa. Kampuni iliyokosa mgodi ilinusurika kwa kuutengeneza msasa wenyewe, na mwaka 1921 ikatoa msasa usioharibiwa na maji, uliobuniwa na Francis Okie. Kwa wachonga mawe hili lilikuwa jambo kubwa: maji hupoza jiwe, huzoa chenga zilizovunjika zisirudi kuchubua, na huzuia vumbi lile lililowaua watu wa Idar.

Mfano wa Kasai nchini Kongo unauma zaidi kuliko ule wa Naxos. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 eneo la Bakwanga, ambalo leo ni Mbuji-Mayi, lilitoa sehemu kubwa ya almasi za viwandani za dunia nzima, zile zisizofaa kwa pete lakini zinazofaa kusagwa kuwa unga. Unga huo ulipakwa juu ya sahani za shaba na chuma, ukachonga yakuti, safiri na lenzi katika nchi zenye viwanda. Waliochimba hawakupata karakana. Waliomiliki mashine za kusaga, chekeche na matangi ya kutulizia ndio waliopata. Kisha tarehe 16 Desemba 1954, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Tracy Hall alitengeneza almasi kwa joto na mgandamizo, na hata ile nafasi ya Kasai ikaanza kupungua. Siku hizi unga mwingi wa almasi ya viwandani hutengenezwa China, hasa jimbo la Henan, na diski yenye almasi iliyoshikizwa juu ya bamba la chuma inaweza kununuliwa na fundi wa kawaida.

Hapo ndipo tulipo leo, na kuchagua diski kumekuwa kwepesi kuliko wakati wowote, ingawa si kwepesi kama vifungashio vinavyodai. Namba hazisemi lugha moja. Msasa wa namba 600 kwa kipimo cha Marekani una chenga za takriban maikroni 16, lakini msasa wa Ulaya ulioandikwa P600 una chenga za karibu maikroni 26. Anayebadilisha chapa katikati ya kazi anaweza kurudi nyuma akidhani anasonga mbele. Jiwe nalo lina madai yake. Chukua mwamba wa Longido, Tanzania, ule wa kijani wenye madoa mekundu, ambao huchongwa sana katika vinyago. Wekundu ni rubi, ugumu 9. Ukijani ni zoisaiti, ugumu wa kama 6.5. Ukiusugua kwa unga usioshikizwa juu ya kitambaa laini, zoisaiti inaliwa haraka na rubi inabaki imetokeza, hata uso ukahisiwa vinundu chini ya kidole. Dawa yake ni almasi iliyoshikizwa juu ya sahani ngumu, mkono mwepesi, na hatua zilizokaribiana. Tanzanaiti, ambayo pia ni zoisaiti, hupasuka kirahisi kwa kufuata upande mmoja wa umbo lake na huumizwa na joto la ghafla. Diski kali ya namba 260 inaweza kuokoa dakika chache kwenye jiwe dogo, kisha ikaacha nyufa zitakazolipwa kwa kupoteza uzito, na uzito ni fedha. Afadhali kuanza na 600, kupita 1200 na 3000, ndipo king'arishi kifuate.

Kuna pingamizi la kisayansi dhidi ya hoja yangu, na ni la haki. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanakemia George Beilby alidai kwamba kung'arisha si kuchubua kwa michubuko midogo zaidi, bali ni tabaka la juu la jiwe kusogea na kutandazwa. Wanafizikia wamebishana sana tangu hapo, na kwa baadhi ya mawe kemia nayo imeonekana kuhusika: oksidi ya seri hung'arisha kwatzi vizuri kuliko unga mwingine wenye chenga ndogo kuliko zake. Kwa hiyo hatua ya mwisho haiamuliwi na ukubwa wa chenga peke yake. Nakubali. Lakini oksidi ya seri haiwezi kuponya mchubuko wa namba 260. Hatua ya mwisho inafanya kazi kwa sababu zilizotangulia zimefanywa kwa utaratibu.

Pingamizi la kiuchumi ndilo husikika zaidi. Watasema: Jaipur, Surat na Bangkok hazikupata kazi ya vito kwa sababu ya chenga, bali kwa sababu ya ujira mdogo. Kwa miaka 50 au 60 iliyopita kuna ukweli mwingi hapo. Hata hivyo ujira mdogo ulikuwapo Mbuji-Mayi, ulikuwapo Mirerani inakochimbwa tanzanaiti, na haukuleta karakana. Jaipur, iliyoasisiwa mwaka 1727 na Sawai Jai Singh ambaye aliwakaribisha masonara, ilikuwa na zaidi ya karne mbili za ufundi wa kusaga zumaridi na yakuti pale tanzanaiti ilipogunduliwa mwaka 1967. Tena ujira uliweza kuwa kigezo kikubwa baada tu ya diski zenye unga uliokwisha kuchambuliwa kuanza kuuzwa madukani. Ilipokuwa elimu ya unga imo kichwani mwa fundi na ndani ya mitungi yake, kazi haikuhamishika. Ilipowekwa juu ya bamba lenye namba, ilihamia kwa yeyote mwenye mikono iliyofundishwa na umeme usiokatika. Pingamizi hili, kwa hiyo, linaeleza vizuri kilichofuata baada ya chekeche kushinda.

Hali hiyo ni nafasi kwetu. Mwaka 2010 Tanzania ilipiga marufuku kuuza nje tanzanaiti ghafi yenye uzito unaozidi gramu moja, na mwaka 2018 ukazinduliwa ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka machimbo ya Mirerani. Kituo cha Jemolojia Tanzania jijini Arusha kinafundisha vijana kukata na kung'arisha. Hatua hizo zinalishughulikia jiwe na mtu, na ni hatua njema. Historia niliyoieleza inadai kitu cha tatu. Kwa kila mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, anayetoa jiwe, na kwa kila kijana anayefuzu, pawepo ugavi wa uhakika wa diski za namba zote, si zile mbili tatu zilizopatikana dukani. Wauzaji waandike ukubwa wa chenga kwa maikroni pamoja na namba. Karakana zitenge chumba au meza ya chenga kubwa na ya chenga ndogo. Na mafunzo yaanze na kumwezesha mwanafunzi kuutambua mchubuko wa kila hatua chini ya lenzi kabla hajagusa tanzanaiti. Wanaopanga bajeti za vituo vya vito Arusha, Mirerani na kwingineko Afrika Mashariki, naomba mstari wa diski na unga usiwe wa mwisho kuandikwa na wa kwanza kukatwa.